Maswali ya Wasomaji: Kipeperushi cha floraidi kilichoandikwa na akili mnemba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huku Maji ya Chai, Arusha. Kamati ya shule imeniomba niandae kipeperushi cha kuwaeleza wazazi kwa nini meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na nini kifanyike. Niliiagiza programu ya akili mnemba iniandikie, nayo ikanipa kurasa mbili za Kiswahili kizuri, ambazo nimeziambatisha. Mwenzangu anasema si haki kuwapa wazazi maandishi ya mashine. Je, kuna ubaya gani, na nikiitumia ni lazima niseme?
Mwalimu, Maji ya Chai

JIBU: Ndugu Mwalimu, kuitumia si kosa, ila rasimu uliyotuma isigawiwe kama ilivyo. Aya ya tatu inasema: "Wazazi wanashauriwa kuchemsha maji ya kunywa ili kupunguza madini ya floraidi." Sentensi hiyo haina kasoro ya sarufi, lakini ni kinyume cha ukweli, kwa sababu floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi huyafanya meno ya watoto yawe ya kahawia, haiondoki na mvuke; maji yanapochemka hupungua, madini yaleyale yakabaki ndani ya maji machache zaidi, na kiwango chake kikapanda. Mzazi atakayeufuata ushauri huo atamaliza kuni zake bure.

Kosa hilo lina chanzo. Programu hizi hutunga neno baada ya neno kwa kufuata mazoea ya maandishi mengi mno yaliyotumika kuzifunza, na humo maji salama huandamana na kuchemsha, kwa kuwa mengi yanazungumzia kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Tatizo letu la chini ya Mlima Meru, ambako floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano, limeandikwa kidogo, na kwa Kiswahili kidogo zaidi. Kwa hiyo mambo ya hapa kwetu ndiyo yaliyo rahisi kukosewa, tena kwa lugha isiyoonyesha shaka yoyote. Nadhani ndiyo maana rasimu haikutaja magadi tunayotia kwenye makande, ambayo nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Tarakimu nazo zinahitaji jicho kali. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi hapa nchini iliruhusiwa hadi miligramu 4, na mashine inaweza kukupa kiwango cha zamani ikidhani ni cha leo.

Ningekushauri ugeuze utaratibu. Andika hoja zako mwenyewe, zipeleke kwa wataalamu wa maji, na wewe una bahati kwamba kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kiko jirani. Kisha ndipo uiombe programu irahisishe lugha. Hata hapo linganisha mstari kwa mstari, kwa maana katika kurahisisha hupenda kuangusha masharti. Ukiandika kwamba chujio la mkaa wa mifupa hupunguza floraidi mpaka mkaa uchoke na kuhitaji kubadilishwa, unaweza kurudishiwa "chujio huondoa floraidi", na familia ikatumia mkaa uleule miaka nenda rudi.

Kuhusu kusema, sema. Mstari mmoja chini ya ukurasa unatosha: lugha ilirahisishwa kwa akili mnemba, na maelezo yalihakikiwa na fulani, mwenye cheo fulani. Mhakiki huyo ndiye ambaye mzazi atamtafuta akiwa na swali.

Hukuuliza habari za picha, lakini naona umeacha nafasi yake. Mwaka 2024 jarida moja la kisayansi lililazimika kufuta makala iliyokuwa na mchoro wa panya uliotengenezwa na akili mnemba, wenye viungo visivyokuwapo na maandishi yasiyosomeka, ingawa makala ilikuwa imepita kwa wahakiki. Wala usipakie kwenye programu hizo picha za meno ya wanafunzi wako. Hizo ni taarifa za afya za watoto, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mchoro wa jino uliochorwa kwa mkono na mwalimu wa sanaa utafaa.