Maswali ya Wasomaji: Mwili Upo Hapa, Akili Iko Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: mtu yupo kazini, mezani au kwenye mswala, lakini mawazo yako kwenye madeni, kwenye simu, au kwenye maneno aliyoambiwa juzi. Tumechagua sita.

Nikifumba macho ndipo kelele zinapoanza

*Nilielekezwa nikae kimya dakika 20 kila asubuhi, nifumbe macho, nivute pumzi nyingi na kuondoa mawazo yote. Mawazo ndiyo kwanza yanazidi. Halafu napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi. Je, kuna watu wasioweza zoezi hili? (Karani, Kinondoni)*

Kaka, ulielekezwa vibaya. Hakuna anayeondoa mawazo yote. Zoezi lenyewe ni kule kugundua kwamba umeondoka, kisha kurudi. Ukiondoka mara 30 na kurudi mara 30, umefanya kazi nzuri. Aliyekaa dakika 20 akielea kwenye mawazo matamu bila kushtuka hajafanya kitu. Na dakika 20 ni nyingi mno kwa anayeanza. Anza na 3.

Kaa kwenye kiti kigumu, usiegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Ukipenda mkekani, kalia mto uliokunjwa ili magoti yawe chini kuliko nyonga. Bila hivyo mgongo unapinda, na muda si mrefu utakuwa unawaza mgongo tu. Macho yanaweza kubaki nusu wazi, yakitazama sakafu hatua moja mbele yako. Tega kengele ya simu, kisha iweke usipoifikia. Sasa tafuta sehemu moja ambapo pumzi unaisikia waziwazi: puani, hewa inapoingia ya baridi na kutoka ya vuguvugu, au tumboni karibu na kitovu. Chagua moja, usihamehame. Kila ukitoa pumzi hesabu moja, mbili, hadi kumi, halafu rudi kwenye moja.

Kuna wakati utajikuta uko kumi na saba. Hesabu imeendelea yenyewe, mwenyewe ulishaondoka. Rudi kwenye moja bila kujigombeza, maana kujigombeza nako ni wazo jingine, na lina maneno mengi kuliko la kwanza.

Kizunguzungu na ganzi vinatokana na zile pumzi kubwa za makusudi. Ukihema kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji, kabonidioksidi kwenye damu inapungua na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana. Ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Acha pumzi ijiendeshe. Ukitaka kuigusa, gusa upande wa kutoa tu: vuta kawaida, toa polepole zaidi ya ulivyovuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo wakati wa kutoa pumzi. Ganzi ikija hata siku ambazo hufanyi zoezi, nenda ukapimwe.

Fanya kabla ya chai, si baada ya ugali. Ukisinzia, fumbua macho. Ukiendelea kusinzia, nenda kalale. Deni la usingizi halilipwi kwa kukaa kimya.

Sina hata nafasi ya kukaa

*Shikamooni wahariri. Mimi ni mama ntilie, naamka saa kumi alfajiri na nasimama mpaka jioni. Akili haipo: juzi maharage nimeyatia chumvi mara mbili, wali nao umeungua. Mtanisaidiaje mtu kama mimi? (Mama ntilie, Tanga)*

Marahaba, mama, na pole na kazi. Huna haja ya kukaa kimya popote. Chagua kazi moja katika zile za kila siku, moja tu, uifanye bila kuichanganya na nyingine. Tungekuchagulia kuchambua mchele, maana kazi hii inakukosoa yenyewe: akili ikiondoka jiwe linapita, na mteja atalipata kwa jino.

Mimina mchele kidogo kwenye sinia, kiasi cha vikombe viwili, usilijaze. Redio zima. Sogeza punje kwa ncha za vidole kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ziwe chache kiasi kwamba unaliona sinia katikati yake. Sikiliza: jiwe likigusa bati lina mlio mkali, punje haina. Tazama chuya zilizobaki na maganda, punje zilizoingia weusi, vipande vilivyovunjika. Vidole navyo vinajua, punje inateleza, jiwe lina kona. Ukijikuta macho yametua kwenye sinia lakini huoni kitu, usianze kujiuliza ulikuwa unawaza nini. Vuta lile fungu la mwisho lililokwishavuka, ulirudishe, ulichambue upya.

Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kuongeza kazi ya pili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku ya pili wanataka kufagia, kuosha vyombo na kula, vyote kwa utulivu, na siku ya nne wameacha vyote.

Chumvi ni suala jingine. Mtu aliyeamka alfajiri, anayeitwa na wateja watano kwa pamoja, atasahau tu hata awe mtulivu namna gani. Kopo la chumvi likae kulia kwa jiko. Ukishatia, lihamishie kushoto. Ukiliona kushoto, usiulize kichwa. Wali kuungua ni habari ya makaa, tunawaachia wenzetu wa safu ya mapishi.

Simu ndiyo duka langu

*Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu. Nikirudi nyumbani mkono bado uko kwenye simu. Mwanangu wa miaka mitano hunishika kidevu akanigeuza uso nimtazame. Nizime vipi kitu kinachonilisha? (Wakala, Morogoro)*

Usizime, dada. Tenganisha. Laini za uwakala weka kwenye kitochi. Miamala inafanyika kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, intaneti haihitajiki. Banda likifungwa, kitochi kifungwe nalo.

Kwenye simu kubwa, nyamazisha makundi yote ya WhatsApp. Itakuuliza kama ni kwa saa 8, wiki moja au daima, chagua daima. Kundi la harusi litanuna, na la kikoba pia, lakini mwenye dharura hupiga, haandiki. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku washa Usinisumbue, ukiruhusu namba za watu wako wa karibu tu. Zuia kioo kisiwake kila ujumbe unapoingia. Lililobaki ni gumu kuliko yote: ichaji chumba kingine. Simu iliyolazwa kifudifudi mezani bado inauita mkono, na ya mfukoni vilevile.

Dakika 15 za kwanza ukifika nyumbani ni za mtoto. Kaa chini, macho yenu yawe usawa mmoja, yeye achague mchezo. Usimfundishe, usimhoji habari za shule. Haitachukua muda kabla mkono haujaanza kutafuta simu. Usiutii, wala usipigane nao. Angalia tu hamu hiyo iko wapi, kifuani au vidoleni. Hupanda, hukaa kidogo, hushuka yenyewe, na mara nyingi mapema kuliko ulivyodhani.

Nasahau rakaa

*Assalamu alaikum. Nikiwa katika swala nahesabu mauzo ya dukani hadi nasahau niko rakaa ya ngapi. Nimesikia kuhusu haya mazoezi ya utulivu. Yanafaa, au ni ibada ya watu wengine? (Muuza vitambaa, Mombasa)*

Waalaikumu salaam. Mizizi ya mazoezi haya ni ya Kibudha, hilo halifichwi. Mfumo unaofundishwa hospitalini ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, kwenye kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, na wanufaika wake wa mwanzo walikuwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Ni kozi ya wiki 8, haina dua wala sanamu. Lakini kwa tatizo lako huna haja ya kwenda mbali, kwani khushui, yaani utulivu wa moyo ndani ya swala, ina mafundisho yake. Habari za rakaa iliyosahauliwa na sijda ya kusahau muulize sheikh wako. Sisi tunaongezea upande wa akili tu.

Akili huondoka pale ulimi unapoweza kujiendesha. Kama baada ya Alhamdu husoma sura zilezile mbili tangu madrasa, badilisha. Sura uliyojifunza karibuni inakulazimisha uwepo. Jifunze maana ya unachosoma, neno kwa neno. Macho yabaki mahali pa sijda, na katika rukuu tulia mpaka viungo vitulie. Hesabu za duka zimalize kabla ya kutawadha: andika daftarini nani anadaiwa na mzigo gani haujafika, kwa sababu kilichoandikwa hakidai kushikiliwa kichwani. Na usidharau lile katazo la kuswali chakula kikiwa kimeshaandaliwa, au ukiwa umebanwa na haja. Aliyebanwa hana akili ya kurudisha.

Nikitulia, ajali inarudi

*Tangu ajali ya basi mwaka jana, nikitulia tu naiona tena. Rafiki akanishauri nifumbe macho nisikilize pumzi. Moyo ukaenda mbio zaidi. (Msomaji, Dodoma)*

Pole sana. Acha zoezi la kufumba macho kuanzia leo. Kwa aliyepita kwenye jambo kama hilo, kuusikiliza mwili kunaweza kuileta ajali karibu badala ya kuituliza, kwa kuwa kifua kinachodunda kilikuwa sehemu ya ajali yenyewe. Umakini wako uelekeze nje. Simama, macho wazi, kanyaga sakafu usikie ugumu wake. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kwa rangi na hali yake: "pazia la kijani, limechanika pembeni." Kisha vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili vyenye harufu, kimoja chenye ladha. Ukikosa cha ladha, funda la maji linatosha.

Hiyo ni ya kukuvusha tu saa ile. Ndoto, kushtukashtuka na kukwepa mabasi vikizidi mwezi mmoja, ni jambo la tiba na linatibika. Hapo Dodoma mna Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili. Ukifika, anza na habari ya ajali, ndipo useme moyo; wengi husema moyo pekee, wakapimwa moyo na kurudishwa nyumbani.

Nafika bila kukumbuka njia

*Naendesha bodaboda. Mawazo yananichukua, nashtuka nimefika. Nifanye zoezi la pumzi nikiwa barabarani? (Dereva, Mwanza)*

Hapana. Pumzi ni ya kijiweni, pikipiki ikiwa imezimwa. Barabarani sema kwa sauti ndogo unachokiona na utakachofanya: "daladala kushoto, imewasha taa, napunguza." "Mpira, mtoto yuko nyuma yake." Huwezi kusema hivyo huku unapiga hesabu ya marejesho. Chagua kipande kimoja cha njia unayopita kila siku, kisichozidi dakika 5, maana kinachosha kuliko kinavyoonekana.

Kabla ya kuwasha: funga mkanda wa helmeti mpaka uusikie umebana, tazama kioo cha kulia, cha kushoto, toa pumzi moja ndefu. Abiria akikuharakisha, mwambie naye afunge wake.