Maswali yenu ya projekti za sanaa shuleni

Meseji zimejaa, nyingi ni za projekti za sanaa, nimechukua nne nijibu hapa.

Nafundisha darasa la watoto zaidi ya 40, rangi tulizonazo ni kidogo mno. Tufanye kazi gani ya maana?

Kolaji mwalimu mwenzangu, yaani picha ya kubandika vipande vipande. Magazeti ya zamani, maboksi, vipande vya vitambaa na gundi, basi. Wala usione kama ni kazi ya waliokosa rangi, wachoraji maarufu Picasso na Braque walishaanza kubandika vipande vya karatasi kwenye kazi zao mwaka 1912, na mchoraji mwingine, Henri Matisse, baada ya operesheni ya 1941 kusimama kukawa shida akakaa kwenye kiti akawa anakata kwa mkasi karatasi zilizopakwa rangi, na kazi zile ndo watu wengi wanampendea mpaka leo. Ila usiwaambie watengeneze ua, utapata maua 40 yanayofanana. Wape neno kama kelele, au usiku, halafu penseli zikae pembeni, wachane kwa mikono na wapangepange kwanza kabla ya kugusa gundi. Mwanzoni watakukodolea macho tu, vumilia, wakishaanza kuwatoa hapo ndo kazi.

Natengeneza kinyago cha makaratasi juu ya puto, nje kimekauka ila ndani kinanuka na upande mmoja umebonyea. Nimekosea wapi?

Umebandika mengi kwa mpigo mdogo wangu, nje pamekauka pakafunga maji ndani, na gundi ya unga ikikaa na maji inaota ukungu. Hicho kitupe tu, anza upya. Unga wa ngano kikombe 1, maji vikombe 2, koroga mabonge yaishe ndo ubandike kwenye moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe kama uji mwepesi, uache upoe kabisa maana puto halitaki moto. Gazeti lichane, usikate na mkasi, ukingo uliochanwa una vinyuzinyuzi vinalala vizuri juu ya kipande cha chini, wa mkasi unaacha mstari ambao hata ukipaka rangi bado utauona. Chovya kipande, kipitishe katikati ya vidole viwili kukikamua, kikiendelea kudondosha uji rudia. Tabaka mbili, acha mpaka kesho, tena mbili, acha tena. Kabla ya kuendelea kiguse kwa shavu: ukisikia ubaridi ujue bado kina maji, hata kama kwa macho kimekauka. Wengi wanaharibu hapa, wanakimbilia rangi!

Kila nikichanganya rangi za maji napata tope. Kwa nini?

Unachanganya tatu. Njano na bluu zinatoa kijani, njano na nyekundu zinatoa rangi ya machungwa, ukishaongeza ile ya tatu unaelekea kahawia tu. Baki na mbili, badilisha maji ya brashi mapema, na usipake rangi pembeni ya nyingine ambayo bado mbichi.

Mwanangu anasema hajui kuchora, kwa hiyo mimi mama yake namchorea yeye anapaka rangi. Ni sawa?

Hapana mama, nakuomba uache kuanzia leo. Najua unamsaidia kwa upendo, ila kila ukishika ile penseli unamthibitishia kwamba kweli hajui. Kama anachora sura na haikai sawa mpe kioo, apime kwa vidole kutoka utosini mpaka kidevuni ajionee mwenyewe kuwa macho yako karibu katikati ya kichwa, watoto karibu wote wanayapandisha juu sana, lakini mkono wako usiguse karatasi yake. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa anasema hivyohivyo. Nikamwambia avue kiatu chake akiweke mezani, achore kwa peni bila kuangalia karatasi, macho yafuate ukingo wa kiatu polepole na mkono uende na macho. Mistari ilipishana, soli ikatokea mbali na kiatu chenyewe, lakini ncha ya kamba iliyofumukafumuka ilikuwepo pale, uzi kwa uzi, na darasa zima hakuna mwingine aliyeichora. Akaitazama kimya. Halafu akaomba karatasi nyingine, achore na cha pili.