Ya kale yamepita, ila deni la viazi lingalipo

*Shikamoo Shangazi. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Uyole hapa Mbeya, nina mke na watoto watatu. Kwa miaka 11 nilikuwa mfanyabiashara wa viazi. Nilinunua lumbesa Isyonje na vijiji vya huko juu, napakia Fuso kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa mlevi na nilikuwa na nyumba ndogo. Mwezi wa kumi mwaka jana niliokoka. Tangu siku hiyo sijaonja pombe, yule mwanamke nimeachana naye, kijiwe nimekiacha, na biashara yenyewe nimeiacha kwa sababu nimetambua kuwa ni ya dunia na inapita. Nakesha kanisani kila Ijumaa, wiki nyingine na Jumatano. Mwezi wa pili nilitoa shilingi 600,000 ya shukrani kwa ajili ya vyombo vya muziki. Misibani siendi tena, kwa sababu ya pombe na mambo ya mila.*

*Shida ni kwamba watu hawaoni badiliko. Mke wangu ananitazama tu. Nikimshuhudia, anauliza ada. Ndugu zangu wananicheka. Hata mzee mmoja wa Isyonje niliyechukua viazi vyake mali kauli kabla sijaokoka, gunia 30, shilingi 1,800,000, ananipigia simu kunitukana, ilhali nimeshamweleza kuwa yule aliyemdhulumu amekufa, mimi ni kiumbe kipya na ya kale yamepita. Kwenye ushirika wananiambia nivumilie, adui za mtu ni wa nyumbani mwake. Shangazi, niishije ili watu waone kwamba nimebadilika na macho yangu yako kwenye mambo ya milele?*

*Mtazama Juu, Uyole*

Marahaba mwanangu, na asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma jioni nikiwa na chai, nikairudia asubuhi. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya sentensi moja tu, ile ya mzee wa Isyonje. Umeipitisha haraka, katikati ya mke anayekutazama na ndugu wanaokucheka, kana kwamba huyo mzee ni mtesaji mwingine katika foleni. Mimi naona barua yote imebebwa na sentensi hiyo.

Kwanza nikupe haki yako. Mtu aliyekunywa miaka yote hiyo akaacha, na nyumba ndogo akaivunja, amefanya kazi kubwa. Wapo wanaokesha Ijumaa na Jumamosi wako kaunta. Wewe umeacha kweli, na mkeo anajua, kwa sababu hakuna mke asiyejua harufu ya mumewe anapoingia ndani. Kwa hiyo usiseme hawaoni. Wanaona ulivyoviacha. Wanasubiri kuona vya watu utakavyovirudisha.

Sasa tuzungumze mali kauli. Wewe ni mtu wa soko, huhitaji kufundishwa, lakini wasomaji wangu wengine hawajui. Mkulima anakupa mzigo bila hela, hakuna mkataba, hakuna shahidi, kuna neno lako tu: nikiuza nitaleta. Yule mzee alichukua jasho la msimu mzima, mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, vibarua wa kuchimba na kubeba, akalipima kwa kauli yako. Halafu leo unampigia kauli nyingine, tena ya Biblia, kwamba aliyekopa amekufa. Mwanangu, kama umekufa, yule mzee alipaswa kuitwa kwenye mirathi.

Na zile gunia 30 zilikuwa lumbesa, umesema mwenyewe. Gunia linajazwa mpaka linavimba, kisha linashonewa kofia juu kwa kamba, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inasema mwisho ni kilo 100, na kila mtu pale Isyonje anajua lumbesa linapita hapo. Kwa hiyo hata ungemlipa siku ileile, ungekuwa umeondoka na viazi ambavyo hukuvinunua. Hukulipa hata hivyo vilivyohesabiwa.

Unanukuu Wakorintho wa Pili 5:17. Ni neno zuri, nalipenda, limesomwa hata kwenye msiba wa mama yangu. Lakini aliyeliandika ni Paulo, na Paulo huyohuyo aliandika barua nyingine fupi kabisa, sura moja, kwa Filemoni. Ilimhusu Onesimo, mtumwa aliyekuwa mbali na bwana wake, akakutana na Paulo kifungoni akaokoka. Kama kuna mtu ambaye ya kale yake yangeweza kupita kimyakimya ni huyo. Yuko mbali, hakuna simu ya kutukanwa. Paulo akafanya nini? Akamrudisha. Na kwenye barua akaandika kwamba kama Onesimo amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Hakumwambia Filemoni kwamba mdeni wako amekufa. Alitoa mfuko.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Maneno unayoyapenda, yatafuteni yaliyo juu, yafikirini yaliyo juu, yako Wakolosai sura ya tatu. Nenda mwisho wa waraka huo, sura ya nne, mstari wa saba mpaka wa tisa, uone nani waliotumwa pamoja na waraka huo. Ni Tikiko, na Onesimo. Yaani siku waamini wa Kolosai waliposomewa habari ya kutazama juu, alikuwepo kati yao mtu aliyesafiri kutoka mbali kurudi kwao, akiwa na historia yake mkononi. Sura yenyewe ya tatu haikai juu kwa muda mrefu. Baada ya mistari michache inakuja chini: msiambiane uongo, waume wapendeni wake zenu, akina baba msiwachokoze watoto wenu. Ukifungua ya nne, unakuta mabwana wanaambiwa wawape watumwa wao haki. Mke, watoto, uongo, haki ya anayekufanyia kazi. Sijui kwa nini tunapoihubiri tunaishia mstari wa pili.

Nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Marehemu mama aliokoka mimi nikiwa darasa la tano, huko Rungwe. Nyumbani hatukushangaa sana, kwa sababu injili imekuwa Rungwe tangu wamisionari wa Kimoravian walipofika mwaka 1891, na watu wa huku wameona waliookoka wa kila namna: wanaolia, wanaoruka, wanaorudi baa Pasaka ikipita. Jirani yetu upande wa mto alikuwa mzee mkavu, mtu wa kahawa yake na mbwa wake. Wiki ya pili mama akamwita akiwa na jembe mkononi, akamwonyesha pale mpaka ulipokuwa na pale ulipotakiwa kuwa. Ulikuwa umesogea hatua mbili kwake. Nani aliusogeza na mwaka gani, sisi watoto hatukuambiwa. Migomba minne ikaenda kwa jirani, mmoja ukiwa na mkungu. Yule mzee hakuokoka. Alisema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakata mkungu akaenda nao. Lakini kuanzia hapo, pakitokea ugomvi wa mipaka kitongojini, walimwita mama aje aseme. Hakuwahi kuwaomba wamwone.

Unaniuliza uishije ili waone. Yesu alisema nuru yenu na iangaze mbele ya watu, kisha sura inayofuata akasema msifanye wema wenu machoni pa watu. Wahubiri hutaabika kupatanisha hayo mawili. Mimi nadhani mwenye duka hataabiki: mteja akirudishiwa chenji iliyozidi anaona, na hujafanya onyesho lolote.

Kuhusu mkeo. Umesema ukimshuhudia, yeye anauliza ada, na nimehisi umeandika hivyo kunionyesha jinsi alivyo wa dunia. Niambie, tangu ulipoacha biashara mwezi wa kumi, unga umenunuliwa na nani? Hukuandika. Ninahisi kuna genge, au maandazi, au kikoba mahali fulani. Paulo alimwandikia Timotheo, waraka wa kwanza, sura ya tano, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Ni maneno makali, nisingethubutu kuyaandika mimi. Ile 600,000 ya vyombo vya muziki sitakuambia uirudishe, imeshatolewa. Ila mkeo aliihesabu. Alihesabu ada ndani yake, na huenda alimhesabu mzee wa Isyonje pia, maana simu zile anazisikia. Anavyokutazama si dharau. Ameshakuona ukiingia na moto wa kila aina miaka hii yote, anataka kuona huu unapika nini.

Usimhubirie kwa miezi mitatu. Ndiyo, mitatu. Muulize tu jioni anadaiwa nini na unaweza kubeba nini.

Wale wa ushirika wanaokuambia nyumbani ndiko kwa adui, wana mstari wao kweli, uko Mathayo kumi. Lakini umewaambia habari ya gunia 30? Ninadhani hujawaambia. Anayedaiwa akifuatwa na mwenye mali, huyo hateswi kwa ajili ya imani. Nenda kamwambie mchungaji deni hilo kwa tarakimu, usimwambie kwa ujumla ujumla.

Biashara, mimi naona uirudie. Kiazi hakina dhambi. Nunua mizani ya kuning'iniza, nunua kwa kilo. Faida itapungua, hilo sitakudanganya, na wenzako sokoni watakuita mchungaji kwa kejeli. Dalali atakukimbia mwanzoni. Ila mkulima wa milima ya Uporoto anajua kuhesabu kuliko unavyomdhania, na habari ya mnunuzi asiyeshona kofia inapanda mlima haraka kuliko Fuso. Kama mtaji huna, anza na gunia tano za kuuza sokoni Mwanjelwa, hapohapo Mbeya, achana na Dar kwanza.

Na misiba. Hapo, mwanangu, nimekukasirikia kidogo. Unataka watu wa mtaa wako wajue kuwa unaishi kwa ajili ya milele, halafu siku pekee ambayo wote wamesimama wanaitazama milele, shimoni, udongo mkononi, wewe haupo. Pombe usinywe, nani atakulazimisha. Mila usiyoipenda, kaa kando. Lakini kaburi linachimbwa, kuni zinapasuliwa, maji yanachotwa, na huku kwetu mwanamume asiyeshika sepeto kwenye msiba wa jirani haulizwi anasali wapi. Anza na msiba unaofuata. Fika mapema, ondoka wa mwisho.

Turudi kwa mzee. Torati, Hesabu sura ya tano, inasema anayekiri kosa la namna hii arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa deni lako hiyo ni 360,000, jumla 2,160,000. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na hiyo ingekuwa 7,200,000. Sikudai hesabu ya Zakayo. Naandika ili uone kwamba hakuna mahali kwenye kitabu chako ambapo jibu ni sifuri.

Huna hela hiyo, najua. Nenda na utakachokuwa nacho, hata 200,000, na daftari. Andikeni kiasi kilichobaki na tarehe, atie sahihi au dole gumba, na wewe vilevile, kila mmoja abaki na nakala. Mwongo wa jana anahitaji karatasi, usione aibu. Nyongeza itaje mwenyewe kabla hajaiomba. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Ana haki ya msimu mzima wa matusi, na huenda mwanawe alikosa shule kwa sababu yako. Usiende na mchungaji, usiende na kwaya, na mtu asipige picha. Mkeo, ukimwambia unakwenda wapi, mwache aamue mwenyewe kama atakusindikiza.

Panda gari za Tukuyu pale Uyole alfajiri, ushuke Isyonje kabla hajaenda shamba. Mwezi huu kuna baridi kali huko juu, vaa koti. Ukimwona, usianze na Bwana asifiwe. Anza na shikamoo, kisha mpe hela.