Anti, sahani nyeusi au nyeupe?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo Tabata, jiko langu limeisha mwezi uliopita, makabati ya mbao ya kahawia, kaunta nyeusi, ukutani vigae vyeupe. Sahani zangu zote ni melamini za maua za kwenye kichenpati, zimeshachakaa, sasa nataka nihamie stonwea, vile vyombo vizito vya udongo wa kuchomwa. Kuna seti nimeiona Kariakoo ya vipande 16, nyeusi isiyong'aa, yani imenikaa moyoni, ila mume wangu anasema nyeupe ndo usafi. Halafu marehemu bibi ameniachia sahani 6 za porseleni nyeupe zenye mstari wa bluu ukingoni, sitaki kuzifungia. Nichanganye vipi zisionekane kama vyombo vya kuazima shughulini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya jiko. Kwanza hiyo seti iache. Vipande 16 ni vya watu 4 tu, sahani kubwa 4, ndogo 4, bakuli 4, vikombe 4, akija shemeji na mkewe mmeshaishiwa, na ikivunjika moja ukirudi dukani mara nyingi hukuti tena ya kufanana nayo. Tafuta wanaouza moja moja, chukua sahani kubwa 8 za rangi moja, hizo ndo msingi wako, vingine utaongeza mdogo mdogo.

Nyeusi ni nzuri sikatai, wali mweupe juu yake unapendeza sana, ila kaunta yako ni nyeusi tayari, sahani ikikaa pale inapotea, na ukipakua maharage au nyama ya mchuzi mzito huoni chakula unaona giza. Halafu kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, kila tone likikaukia kwenye nyeusi isiyong'aa linaacha doa jeupe, utafuta mpaka uchoke. Nyeupe anayoitaka baba watoto nayo ina lake. Porseleni nyingi weupe wake ni baridi, unaelekea ubluu kidogo, ila stonwea nyingi zinazoitwa nyeupe zina rangi ya maziwa, ukiziweka bega kwa bega ile ya maziwa inaonekana kama haijaoshwa. Mi nilishafanya hilo kosa siku ya Idi, nikapanga moja ya porseleni moja ya stonwea meza nzima, mgeni wangu akaichukua ya stonwea akaifuta na tishu mara mbili kabla hajapakua, na ilikuwa safi kabisaaa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningechukua rangi ya maziwa yenye vidoadoa vya kahawia kama yai la kware, mara nyingi vile vidoa vinatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, vinajitokeza ukichomwa, na vitaitikiana na mbao za kabati lako. Kisha ongeza bakuli 4 au 6 za bluu iliyokoza. Hiyo bluu ndo itamkaribisha bibi mezani, maana itashikana na mstari wa sahani zake, ila weka bakuli la bluu katikati ya hizo nyeupe mbili zisigusane, za bibi zibebe kachumbari, chapati, matunda. Rangi ya nne usiongeze.

Na kuchanganya usikuonee aibu, ni jadi ya pwani. Nenda magofu ya Kunduchi hapo uone makaburi ya nguzo yalivyopachikwa vyombo vya kaure kutoka China, na nyumba za zamani za Lamu zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, zilipambwa kwa vyombo vilivyokuja na majahazi, sio seti moja.

Umbo nalo ulitazame, sisi ni watu wa mchuzi, sahani bapa kama kigae mchuzi wa nazi unakimbilia mezani, chukua zenye ukingo uliosimama kidogo. Pima kabati kabla hujanunua, sahani ya sentimita 27 kwenye kabati la juu lenye kina cha 30 inaingia kwa kubana, na shelfu iwe imara maana stonwea ni nzito.

Dukani igeuze. Ule mduara wa kitako usiopakwa gilezi, yani ule utando kama kioo unaofunika chombo, udondoshee tone la maji, likinyweka hapohapo jua udongo haujaiva, stonwea ya kweli inachomwa kwenye nyuzi 1200 hadi 1300 mpaka udongo unashikana na kukaza kama jiwe. Pitisha na kiganja, kitako kikikwaruza kitakwaruza na za bibi, ukizipanga weka kitambaa kati.

SWALI: Anti, stonwea zangu nyeupe zina mistari ya kijivu, zimeshakwaruzika?

JIBU: Mara nyingi sio mkwaruzo mdogo wangu, ni chuma cha kisu na uma kimebaki juu ya gilezi, hasa hizi zisizong'aa. Koroga bikaboneti ya mapishi na maji kidogo iwe uji mzito, paka, sugua taratibu na kitambaa kibichi, suuza. Steliwaya usiiguse. Ukimaliza pitisha kucha, ikikwama huo ni mkwaruzo kweli na hautoki, hiyo iweke ya matunda.