Mwanga kwenye kano ya kisigino

Pole sana dada. Umesema kano ya nyuma ya kisigino inakuuma miezi minne sasa, na umeshauriwa tiba ya mwanga. Usiogope, hiyo si eksirei. Ni mwanga mwekundu au infraredi (usioonekana kwa macho), wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hadi 1,000 hivi, usiochoma ngozi. Unapenya na kuzichochea seli, na kwa baadhi ya watu maumivu hupungua.

Ila peke yake hautoshi, na hapa nakusihi kabisa: kano hupona kwa kubebeshwa mzigo taratibu. Simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, shika ukuta, teremsha kisigino cha mguu unaouma polepole mpaka kipite chini ya ngazi. Kupanda, tumia mguu usiouma. Mara 15, seti tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Kama panapouma ni pale kano inaposhika mfupa, ishia usawa wa ngazi. Kuuma kidogo ni kawaida. Maumivu yakiwa makali, punguza zoezi.

Kwenye tiba ya mwanga vaa miwani ya kinga, na mweleze mtaalamu kama una mimba au saratani. Na kama ulisikia "paa!" ghafla na huwezi kusimama kwa vidole, nenda hospitali leo hii: huenda kano imekatika.