Sitapu 200 kila siku na kitambi bado kipo

Mkuu, umesema unapiga sitapu 200 kila asubuhi kwa miezi miwili sasa na kitambi hakijasogea, halafu usiku ni chipsi mayai na soda. Jibu umeshajiandikia mwenyewe.

Misuli ya tumbo kila mtu anayo, hata mwenye kitambi. Imefunikwa tu na mafuta. Sitapu zinaikomaza, ila mwili hauchagui kuchoma mafuta ya pale unapofanyia zoezi. Unayatoa kila mahali, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo huchelewa zaidi. Lazima ule nishati pungufu kuliko unayotumia, tena kwa wiki nyingi.

Anza na soda. Kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, na haishibishi! Chipsi nazo zimekunywa mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Mimi ugali sikuacha (nani anaacha ugali?), nilipunguza tonge tu: robo ya sahani ugali, nusu mchicha au matembele, robo iliyobaki maharage, dagaa au samaki wa kuchoma. Protini inashibisha na inalinda misuli unapopungua. Mayai kula, ila ya kuchemsha.

Maji ya moto na ndimu hayayeyushi mafuta, usijitese. Kama una kisukari, ongea na daktari kwanza. Na acha kujipima kwa kioo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno kila Jumapili asubuhi kabla ya chai.