Kompyuta Zimefika Skuli: Kwanza Amua Utaacha Nini

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesomesha Kusini Unguja aliniandikia: "Assalamu alaykum, dada. Skuli yetu imeletewa kompyuta na projekta. Mwalimu mkuu kanikabidhi ufunguo kwa kuwa mimi ndiye kijana kuliko wote. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa maneno machache usiku ule ule, lakini swali lake halikuniachia. Wako wengi wenye swali hilo Unguja na Pemba, hasa tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu. Basi namjibu hapa kwa urefu. Jambo hili nimelipigania miaka, limenipa furaha kubwa na limeniuma pia.

Mdogo wangu, kabla hujawasha hata kompyuta moja, kaa uamue ni kitu gani utaacha kufanya darasani. Usipoacha kitu, mashine zitapandikwa juu ya kazi ya zamani, na wewe utachoka mara mbili.

Tazama kipindi chetu cha kawaida. Dakika 40. Watoto wamebanana kwenye madawati, wa mkondo wa jioni wameshaanza kufika na wanasubiri nje. Mwalimu anaingia, anaitikiwa salamu, anajaza ubao. Watoto wananakili. Ubao unafutwa, unajazwa tena. Kengele. Sehemu kubwa ya kipindi imekwenda katika kunakili, na kinachonakiliwa ni Kiingereza ambacho wengi wao hawakielewi, maana tangu sera ya elimu ya 2006 hisabati na sayansi zinasomeshwa kwa lugha hiyo kuanzia darasa la tano, na wakifika sekondari karibu masomo yote yanafuata. Nimewaona watoto wenye hati nzuri mno ambao ukiwauliza maana ya sentensi waliyoiandika sasa hivi wanainamisha vichwa.

Sasa lete projekta. Notsi zile zile zinahama ubaoni zinakwenda ukutani, na watoto wananakili kutoka ukutani. Au mwalimu anazipiga picha, anazituma kwenye grupu la wazee, na mtoto ananakili nyumbani kutoka simu ya mama yake. Halafu tunaambiwa skuli yetu imeingia zama za kidijitali.

Wenzetu wa Peru walishapita njia hii. Waligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia skuli 319 za vijijini na kutoa matokeo mwaka 2012: kompyuta zilikuwapo, watoto walikuwa wakizitumia kweli, lakini alama za hisabati na za lugha hazikupanda. Sishangai. Vifaa vilifika, namna ya kusomesha ikabaki vile vile.

Mimi nilichokiacha ni kuandika notsi ubaoni. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu nilipoanza hakuna aliyekuwa upande wangu.

Nasomesha Jiografia kaskazini ya Pemba. Mwaka karafuu zikizaa, huku kila mtu anajua darasa linakuwaje. Madawati ya nyuma yanabaki matupu wiki baada ya wiki. Mtoto mkubwa anapanda mkarafuu na baba yake, mdogo anaokota chini, na usiku nyumba nzima imekaa juu ya jamvi inachambua, karafuu huku na makonyo kule. Unaweza kumlaumu mzee, lakini fedha hiyo ndiyo itakayonunua sare na kuezeka nyumba. Mimi nilichoka kulaumu. Nikawaza kwamba wakati wa kuchambua mikono ina kazi, lakini masikio yako huru.

Nikaanza kurekodi masomo kwa sauti kwa simu yangu ya kawaida. Kila moja fupi, jambo moja tu: kwa nini pepo za kaskazi na kusi hubadilika, mto unachimbaje bonde, jinsi ya kusoma kipimo cha ramani. Naeleza kwanza kwa Kiswahili, kama ninavyomweleza mtoto wa ndugu yangu, kisha narudia yale yale kwa Kiingereza cha mtihani, taratibu, neno kwa neno. Sikutumia bando hata kidogo. Sauti zilitoka kwenye simu yangu kwa Bluetooth, zikaingia kwenye memori kadi, na kadi zikazunguka vijijini zenyewe. Nikaanza kusikia kwamba mama fulani kule anaifahamu vizuri sababu ya mvua za masika, ameisikia akichambua karafuu na mwanawe.

Baadaye nikasoma habari za Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika mji wa Woodland Park, jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi, wengi kwa sababu ya safari za michezo. Wakagundua kwamba hata waliokuwapo darasani wanazitazama rekodi zile. Wakageuza utaratibu: maelezo yasikilizwe nyumbani, kazi ifanyike darasani mbele ya mwalimu. Niliposoma nilisimama nikasema alhamdulillahi. Kwao ni michezo, kwetu ni karafuu, na mlango tulioufikia ni mmoja.

Kipindi kilipokombolewa kutoka kwenye kunakili, nikabaki na dakika 40 nzima mkononi. Hapo ndipo nilipokumbuka chuo. Sote tumesoma Qur'ani, tunajua mwalimu wa chuo anavyofanya kazi. Watoto wote wako pamoja, lakini kila mmoja ana darasa lake. Huyu yumo kwenye juzuu ya mwanzo, yule amefika mbali, na mwalimu anamwita mmoja mmoja, anamsikiliza kwa sikio lake. Hujapita hapo ulipo mpaka usome ukasomeka. Wakubwa wanawashika wadogo. Leo dunia inauza programu za bei kubwa kwa ahadi kwamba kila mtoto atakwenda kwa mwendo wake. Sisi utaratibu huo tulilelewa nao, kisha tukaingia skuli tukauvua mlangoni pamoja na viatu.

Basi nikawagawa watoto makundi, nikapita nikiwasikiliza. Nieleze. Nionyeshe kwenye ramani. Mwambie mwenzako kwa maneno yako mwenyewe. Msikilize mtoto akieleza na utajua papo hapo alipokwama, jambo ambalo daftari lililojaa haliwezi kukwambia.

Sasa nitasema lililoniuma. Walikuja wakaguzi. Wakafungua madaftari ya wanafunzi wangu, wakakuta kurasa chache zimeandikwa, tena kwa michoro na majedwali ya watoto wenyewe. Hawakumuuliza mtoto hata mmoja swali. Iliandikwa kwamba mwalimu huyu hasomeshi. Wenzangu wawili watatu waliokuwa wakinisifu ofisini walinyamaza siku ile, na muhula uliofuata ukuu wa idara akapewa mtu mwingine. Nimesamehe, wallahi, lakini sijasahau. Mwalimu anayejitolea kubadilisha kitu kwetu hupimwa kwa wingi wa wino. Nawaomba wakubwa wetu wanaosoma hapa: mkija skulini, mkae na mtoto mumsikilize. Mtaala mpya wenyewe unazungumzia umahiri, na umahiri hauonekani kwenye notsi.

Mwaka huu Mwenyezi Mungu amenijibia. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walifanya kazi ya mwani. Nadhani mnajua kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 upande wa mashariki ya Unguja, na kwamba wakulima wengi ni kina mama. Mnajua pia kwamba mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto. Hugeuka mweupe ukakatika. Ule wa aina ya spinosumu unavumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Haya yote yanaweza kuandikwa ubaoni na kunakiliwa kwa robo saa.

Sikuandika. Niliwapa kipimajoto cha maabara na vishikwambi viwili, nikawaambia wende pwani maji yakitoka, wapime, wapige picha, wawarekodi mama zao. Walipima kwenye maji ya kina kifupi na kule mbele kwenye mkondo wa bahari, wakaingiza namba kwenye jedwali la kompyuta, wakachora grafu. Binti mmoja, ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kumsikia akijibu swali, alisimama mbele ya wazazi akaeleza kwa nini mama yake ameacha kotonii. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, bila karatasi. Mama yake alilia. Mimi pia nililia. Katika mtihani wa majaribio swali la mabadiliko ya tabianchi ndilo walilolifanya vizuri kuliko yote, na yule aliyechukua ukuu wa idara alinijia akaomba sauti zangu. Nimempa zote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usinunue bando la kuwapeleka watoto wote kwenye intaneti. Kompyuta moja tu ukiipa kazi ya kuwagawia watoto masomo, inatosha. Iko programu inaitwa Kiwix, inakuwezesha kuipakua Wikipedia mara moja, pamoja na ile ya Kiswahili, kisha ikasomwa bila mtandao. Iko Kolibri, nayo hubeba masomo na mazoezi kwa namna hiyo hiyo. Unapakua siku moja ukiwa mjini, unarudi nayo kijijini. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga tunao Pemba tangu 2010, nanyi Unguja mna waya wenu tangu zamani. Unakatika, ndiyo, basi chaji vishikwambi usiku. Lakini narudia: hata haya yote ukiyaweka, kama hujaacha kunakilisha, hujafanya kitu.

Utaulizwa kuhusu akili mnemba, hizi programu za kompyuta zinazojibu maswali na kuandika kama mtu. Watoto wa mjini wanaitumia tayari, na kazi za nyumbani zinakuja zimenyooka kuliko za mwalimu. Wengine wanataka ipigwe marufuku. Mimi nasema badilisha swali. Ukiuliza "taja sababu tano za mmomonyoko wa udongo", mashine itazitaja. Muulize mtoto ni shamba gani katika shehia yake limeliwa na mvua, nani analima pale, na mteremko uko vipi, kisha msimamishe akueleze kwa mdomo. Hapo mashine inaweza kumsaidia kupanga maneno ya Kiingereza, lakini kwenda shamba ni lazima aende mwenyewe.

Na wazee wakija na hofu ya simu, msiwapuuze. Wana haki. Simu imeharibu watoto, tumeona. Waite skulini, wawekee masomo wasikilize, waone kishikwambi hakina mtandao. Mimi nilipofanya hivyo, baba mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyejitolea kutengeneza kabati la kuhifadhia.

Ndugu walimu, Septemba 23, 1964 Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, ada iliondoka mlangoni na watoto wa wakulima na wavuvi wakaingia. Leo skuli za ghorofa zinajengwa Unguja na Pemba, na mlango ni mpana zaidi. Lakini mtoto akishaingia, akakaa miaka na miaka akinakili asichokielewa, tumempa nini? Si haki kusubiri Wizara itupangie kila kitu. Hakuna aliyenikataza kurekodi sauti kwa simu yangu. Hakuna atakayekukataza kumwambia mtoto afunge daftari akueleze. Tuache uvivu wa kujificha nyuma ya ubao, tena tuache kusema "watoto wa siku hizi hawasomi" ilhali hatujawahi kuwapa nafasi ya kusema neno. Na nyinyi mlio na vyumba vya kompyuta vilivyofungwa kufuli kwa kuogopa vitu visiharibike, fungueni. Kompyuta inazeeka hata ikiwa imefunikwa kitambaa.

Kuhusu ule ufunguo uliokabidhiwa: usikae nao peke yako. Chagua wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, wasichana wawili na wavulana wawili, uwafundishe kuwasha, kuzima, kufuta vumbi na kuandika nani ametumia nini. Wewe ukihamishwa kesho, chumba kisihame nawe. Kisha chagua mada moja tu kwa muhula wa kwanza, ile ambayo watoto wako huikosea kila mwaka, uirekodi wewe mwenyewe kwa sauti yako, kwa Kiswahili cha kwenu Kusini. Wakikusikia wewe watasikiliza.

Sauti zangu za kidato cha kwanza na cha pili nimeziweka kwenye flashi, na kaka yangu anayepanda boti ya Jumamosi atakuachia Darajani. Ile ya kusoma ramani ina kelele za mvua mwanzoni, nitakutumia nyingine nikisharekodi upya. Nawe, ukipata mwalimu wa Fizikia huko anayeweza kueleza umeme kwa Kiswahili, tafadhali mrekodi uniletee, maana kwetu mwalimu wa somo hilo amehamishwa na hajaja mwingine.